QGIS imegoma kuingia PostGIS: angalia kwanza hodi yako imefika wapi

QGIS ni programu ya ramani, na data yake ofisini mara nyingi inakaa kwenye seva, ndani ya databesi ya PostgreSQL yenye nyongeza ya PostGIS ya kuhifadhi ramani. Simu huwa zinaanza hivi: "Kaka, ramani imepotea, QGIS inasema leya zote hazipatikani, na ripoti ya visima inatakiwa saa nane." Nikiuliza imeandika nini kwenye skrini najibiwa "imekataa tu". Hiyo imekataa tu ndo inakula siku nzima za watu, manake PostgreSQL huwa haikatai tu, kila ikikataa inasema imekataa wapi, na ukiisoma hiyo sentensi moja hadi mwisho nusu ya kazi umeshamaliza.

Mi huwa nafikiria kama unamtembelea mtu mwenye nyumba ya geti, zile za Muyenga pale Kampala zenye ukuta na askari. Unapiga hodi. Ukipata kimya kabisa, umekosea nyumba au barabara imefungwa. Ukiambiwa hakuna mtu, nyumba umeipata ila wenyewe hawajaamka. Askari akisema jina lako halimo kwenye kitabu, hiyo ni pg_hba.conf, faili la seva linaloandika nani aruhusiwe kuingia. Ukipita geti halafu ufunguo ukagoma mlangoni, ni paswadi. Na ukiwa tayari sebuleni ila kabati halifunguki, hapo usihangaike na waya wala ruta, ni ruhusa. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu ameshafika sebuleni halafu anarudi nje kubomoa ukuta: anazima faiawoli, anafuta PostgreSQL na kuiweka upya, kumbe ilikuwa GRANT moja, yaani amri ya kumpa mtu ruhusa.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu: ndani ya QGIS bonyeza Ctrl+L, nenda PostgreSQL, fungua ile konekshoni yako kwa kuiedit, bonyeza "Test Connection", kopi ujumbe wote sio maneno mawili ya mwanzo. Halafu uliza wenzako pale ofisini kama kwao inaingia. Kwao ikiingia shida iko kwenye laptopu yako au jina lako. Imegoma kwa wote, shida ni seva au swichi. Hilo swali limeniokolea hela nyingi za boda.

Kimya: inazunguka weee, mwisho "timeout expired"

Sababu namba moja hapa kwetu ni umeme. Umeme ukikatika ruta inazima, laptopu ina betri yake kwa hiyo inahamia yenyewe kwenye hotspot ya simu, umeme ukirudi inabaki huko huko na we hujui. Ile 192.168.1.20 ya seva ya ofisini haiwezi kuonekana kutoka kwenye hotspot ya simu hata ukilia. Angalia uko kwenye waifai gani, rudi ya ofisi, jaribu tena.

Ya pili inafanana nayo: ruta ikiwaka upya inaweza kuigawia seva IP nyingine. Jana ilikuwa .20 leo ni .34. Nenda kwenye seva yenyewe andika `ipconfig`, au `ip a` kama ni Ubuntu, ulinganishe na ile iliyo kwenye QGIS. Dawa ya kudumu sio kubadilisha namba kwenye laptopu kumi kila Jumatatu, ni kuingia kwenye ruta uihifadhie seva IP yake isiyobadilika.

Ya tatu ni faiawoli ya kwenye seva. Kwenye Windows, fungua PowerShell ya laptopu yako uandike:

`Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 5432`

Ikisema TcpTestSucceeded : True, barabara iko wazi, ruka sehemu hii yote. Ikisema False na ping inapita, mshuku faiawoli. Windows ina tabia moja ya kukera, ukibadilisha ruta inauona mtandao kama mpya na kuuweka "Public", na sheria uliyokuwa umeweka kwa "Private" inakuwa kama haipo. Kwenye Ubuntu ruhusu mtandao wa ofisi peke yake:

`sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 5432 proto tcp`

Halafu kuna waya. Mi niliwahi kukaa masaa mawili nasoma mafaili ya seva moja mstari kwa mstari, jasho linanitoka, kumbe swichi ndogo chini ya meza ilikuwa imechomolewa mtu achaji simu. Taa za kijani hazikuwa zinawaka na mi nilikuwa nimekaa juu yake. Siku hizi naanza kwa kuinama.

Ukiwa mbali, tuseme uko Yumbe na modemu na seva iko Kampala, hiyo 192.168 haitafanya kazi hata kidogo manake ni anwani ya ndani. Watu wengi hapo wanaamua kufungua poti 5432 kwa dunia nzima. Usifanye hivyo, roboti za kwenye intaneti zinaijua hiyo poti na zitaanza kujaribu paswadi usiku kucha. Kama seva ina SSH (njia salama ya kuingia seva ukiwa mbali) inayofikika kutoka nje, pitia humo:

`ssh -L 5433:localhost:5432 jina@anwani-ya-seva`

Acha hilo dirisha wazi, kisha kwenye QGIS host weka 127.0.0.1 na poti 5433. Kama hakuna SSH wala VPN, basi ni kazi ya mtu wa mtandao wa ofisi, sio yako usiku wa manane.

"Connection refused"

Hii mi naipenda, manake angalau mashine imekujibu. Mara nyingi PostgreSQL yenyewe haijawaka. Windows: fungua services.msc, tafuta jina kama postgresql-x64-16 (namba ya mwisho ni toleo lako), ona kama ni Running. Ubuntu: hapa kuna mtego, `systemctl status postgresql` itakuambia "active (exited)" na rangi ya kijani nzuri hata kama databesi imelala fofofo, hiyo huduma ni kivuli tu. Tumia:

`pg_lsclusters`

Hiyo inakuonyesha kila toleo, poti yake, na kama ni online au down. Na hapo hapo utaiona sababu ya pili: poti. Mtu aliweka PostgreSQL 13 zamani, baadaye akaweka 16, ya pili ikakuta 5432 imekaliwa ikahamia 5433. Anaandika 5432 anaingia databesi ya zamani isiyo na kitu, au hiyo ya zamani imezimwa na anaambiwa refused.

Kama kwenye seva yenyewe inaingia ila kwenye laptopu zingine inakataa, fungua postgresql.conf utafute listen_addresses. Ikija imewekwa tu bila kuguswa mara nyingi huwa ni 'localhost', yaani inasikiliza hodi za wa ndani peke yao. Weka '*' au IP ya seva, kisha restati huduma, hii haikubali kureload tu.

Ikikataa kuwaka, usiilazimishe. Soma logi kwanza: Windows iko kwenye folda ya data ndani ya log, Ubuntu /var/log/postgresql. Maneno ya kutafuta ni "No space left on device", hiyo ni diski imejaa, toa video za sherehe za watu na bakapu za miaka mitatu na itawaka. Ukiona "the database system is starting up", tulia, unywe chai, umeme ulikatika ghafla na inarudia kumbukumbu zake, ikimaliza itafungua yenyewe. Ukiona inalalamikia postmaster.pid, faili la kuonyesha kwamba postgres inakimbia, hakikisha kwanza kweli hakuna postgres nyingine inayokimbia, kuliondoa hilo faili wakati nyingine iko hai ni kuwafungulia wapishi wawili sufuria moja.

Na hapa ndo pa KUSIMAMA. Kama logi ina neno PANIC, au "invalid page in block", au diski inatoa mlio wa tiki-tiki: zima huduma, kopi folda nzima ya data kwenda diski nyingine, uite mtu anayejua PostgreSQL. Usifute pg_wal, folda ya kumbukumbu za mabadiliko, eti inakula nafasi. Usikimbize amri ya pg_resetwal, inayozifuta kumbukumbu hizo, kwa sababu uliiona mahali. Hizo mbili zimewahi kugeuza databesi mgonjwa kuwa marehemu, na kama bakapu ya mwisho ni ya mwaka jana hakuna fundi atakayekurudishia.

"no pg_hba.conf entry for host..."

Askari amekuona ila hukuandikwa. Raha ya ujumbe huu ni kwamba unakutajia kila kitu: IP yako, jina ulilotumia, databesi uliyotaka. Soma IP kwanza. Mara nyingi utakuta ni ya mtandao mwingine kabisa, ofisi ilibadilisha ruta ikatoka 192.168.1 ikaenda 192.168.100 na kitabu cha geti bado kina ya zamani. Ongeza mstari kwenye pg_hba.conf (hapa visima ni jina la databesi na mchora ni jina la mtumiaji):

`host visima mchora 192.168.100.0/24 scram-sha-256`

Halafu kwenye psql au pgAdmin, programu za kuandikia databesi amri: `SELECT pg_reload_conf();` na hakuna haja ya kurestati. Kumbuka faili linasomwa kutoka juu kwenda chini na mstari wa kwanza unaofanana ndo unaotumika, kwa hiyo ukiandika wako chini ya mwingine wenye reject (kataa) utaandika mpaka mkono uume.

Ujumbe ukimalizia na "no encryption", au "SSL off" kwenye matoleo ya zamani, seva inaweza kuwa inataka SSL, yaani mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, hasa hizi za kukodi mtandaoni. Kwenye QGIS badilisha SSL mode iwe require.

Kuna ushauri unazunguka kwenye magrupu wa kuweka 0.0.0.0/0 (IP yoyote duniani) na trust (bila paswadi) "ifanye kazi tu". Itafanya kazi kweli. Hata kwa mwizi itafanya kazi.

"password authentication failed"

Anza na vitu vya aibu. Paswadi imetumwa WhatsApp ukaikopi na nafasi mbele, simu imegeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa, sifuri na O. Iandike kwa mkono kwenye notepad uione kwa macho kisha uipesti.

Ikigoma bado, jua kwamba huu ujumbe unadanganya kidogo kwa makusudi. Hata kama jina lenyewe halipo kwenye seva utaambiwa paswadi ni mbaya, ili mgeni asijue majina gani yapo. Hata paswadi iliyoisha muda inatoa maneno hayo hayo. Ukweli uko kwenye logi ya seva. Niliwahi kumsaidia dada mmoja wa takwimu aliyebadilishiwa paswadi mara nne, kumbe jina lake lilitengenezwa na herufi ndogo na yeye anaandika kubwa.

Ukiona "authentication method 10 not supported", paswadi yako haina kosa, QGIS yako ni mzee. Toka PostgreSQL 14 ya 2021 paswadi zinahifadhiwa kwa scram-sha-256, njia mpya ya kuzificha, na programu za zamani hazijui hiyo lugha. Apdeti QGIS, usishushe usalama wa seva kwa ajili ya laptopu moja. Na "Peer authentication failed" kwenye Ubuntu ni ile umeandika psql -U bila host, ongeza `-h localhost`.

Jambo moja la kando lakini ni zito: vile visanduku vya "Store" pale kwenye Basic vinaandika jina na paswadi wazi wazi, hadi ndani ya faili la projekti. Ukimtumia mtu hiyo .qgz umemtumia na ufunguo. Tumia sehemu ya Configurations yenye master password, ila hiyo master ukiisahau hakuna wa kukukumbusha, utafuta zote uanze upya.

"database does not exist"

Fupi: herufi. Uliandika CREATE DATABASE Visima_Gulu bila alama za kufunga na PostgreSQL ikaiweka visima_gulu. Kwenye QGIS andika ndogo. Kama sio hivyo, rudi juu kwenye habari ya poti 5433, uko kwenye seva nyingine.

Imeingia vizuri ila tebo hazionekani, au kalamu ya kuedit imefifia

Sasa uko sebuleni. Achana kabisa na mtandao.

Tebo hazionekani: angalia visanduku kwenye konekshoni. Kama "Only look in the 'public' schema" kimetikiwa na tebo zako ziko kwenye skima (chumba cha tebo ndani ya databesi) inayoitwa maji, hutaziona. Kama tebo haina jiometri, mfano orodha ya wilaya, tiki "Also list tables with no geometry". Ikiwa bado, basi ni ruhusa, na hapa QGIS ina tabia ya kunyamaza, tebo usiyoruhusiwa haikuletei ujumbe wowote, haikuonyeshi tu. Mwenye databesi akimbize:

`GRANT USAGE ON SCHEMA maji TO mchora;`
`GRANT SELECT, INSERT, UPDATE, DELETE ON ALL TABLES IN SCHEMA maji TO mchora;`
`GRANT USAGE ON ALL SEQUENCES IN SCHEMA maji TO mchora;`

Huo mstari wa kwanza ndo unaosahaulika, na wa tatu ndo unaomliza mtu saa kumi jioni, amechora visima arobaini, anabonyeza save, "permission denied for sequence", sequence ni kile kihesabio kinachotoa namba za mistari mipya. Na ALL TABLES ni zile zilizopo leo, tebo ya kesho haimo mpaka utumie amri ya ALTER DEFAULT PRIVILEGES. Kama ni kutengeneza tebo mpya ndani ya public ndo kunakataliwa, ni kwamba toka toleo la 15 watu wa kawaida hawaruhusiwi tena kufanya hivyo bila kupewa, haijaharibika.

Kalamu imefifia na ruhusa unazo? Mara nyingi tebo haina primary key, safu ya kutambulisha kila mstari bila kujirudia. Na kama ni view (tebo ya kuonekana tu inayotokana na tebo nyingine), chagua mwenyewe safu ya "Feature id" wakati wa kuiongeza, iwe na namba zisizojirudia. Databesi mpya kabisa isiyokubali jiometri yoyote: ulisahau `CREATE EXTENSION postgis;`, hiyo inawekwa kila databesi, sio kila seva.

"sorry, too many clients already"

Kwa kawaida seva inakubali konekshoni 100 na chache kati yake zimewekewa wakubwa. QGIS ni mlafi, projekti moja yenye leya thelathini inaweza kufungua kadhaa peke yake, sasa piga mara ya watu wote kwenye mafunzo. Fungeni projekti zisizotumika kwanza. Kisha angalia nani amekaa bure:

`SELECT usename, client_addr, state FROM pg_stat_activity;`

Ukikuta laptopu moja ina idle hamsini umeshampata. Kupandisha max_connections bila kuangalia RAM ni kuhamisha tatizo, na seva ikiwa ya watu wengi kila siku mwite anayejua pgbouncer, programu ya kugawana konekshoni chache kati ya wengi, aiweke.

Inaingia lakini nzito kama lori la matoke kwenye mlima

Indeksi, faharasa ya kuipa databesi njia ya mkato ya kutafuta. Karibu kila mara ni indeksi, hasa tebo iliyoletwa kutoka shapefile kwa haraka.

`CREATE INDEX ON maji.visima USING gist (geom);`
`ANALYZE maji.visima;`

Kisha tiki "Use estimated table metadata" kwenye konekshoni, isihesabu mistari yote kila ukifungua. Kama unapita kwenye modemu, weka leya isionekane mpaka uzoom karibu.

Imeingia, imefunguka, ila visima viko Algeria

Hii sio konekshoni lakini inaripotiwa kama konekshoni, "databesi imeharibu data". Kampala ni latitudo 0.31 na longitudo 32.58, ukizigeuza unatua jangwani Algeria. Amri ya PostGIS ya ST_FlipCoordinates inarudisha, ila chukua bakapu na uweke WHERE (sharti la kuchagua mistari) usije ukageuza na vilivyokuwa sawa.

Uganda imekatwa na ikweta, ile alama ya Kayabwe barabara ya Masaka kila mtu ameipiga picha, na hiyo inamaanisha tuna kaskazini na kusini. Data ya Masaka yenye northing (namba ya mita za kaskazini-kusini) ya milioni tisa na ushee ni zoni 36S, yaani mfumo wa ramani wenye namba EPSG:32736. Ukiisoma kama 36N, EPSG:32636, visima vinatokea karibu na Ncha ya Kaskazini. Kisoro nayo iko magharibi ya digrii 30, kwa hiyo ni 35S. Na kama kila kitu kimesogea mita 300 hivi kwa pamoja, barabara zote sambamba na za kweli, hiyo ni Arc 1960, mfumo wa vipimo wa ramani za zamani, jaribu EPSG:21096 kwa kaskazini au 21036 kwa kusini.

Angalizo hapo: ST_SetSRID inabadilisha lebo tu, ST_Transform ndo inahesabu namba upya. Ukikosea lebo, sahihisha lebo. Niliona mtu ametransform data yenye lebo mbaya mara tatu mfululizo akitafuta bahati, tukaishia kurudi kwenye makaratasi ya GPS.